Chumba cha Tatu Hakipangishwi

Waseme wanavyotaka. Nilibomoa chumba changu mwenyewe nikiwa na akili zangu timamu, na leo ukinipa nyundo nitabomoa tena.

Kiwanja kiko upande wa Manchira, nje kidogo ya Mugumu. Tulikinunua na marehemu mume wangu. Mimi nafundisha shule ya Gorong'a, mbali na hapo, kwa hiyo ujenzi niliusimamia Jumamosi tu: nashuka kwenye gari, mbio kwa fundi, nagombana naye kuhusu saruji, nageuza. Jirani yangu, mama mtu mzima mwenye ng'ombe saba, alikuwa amekaa mlangoni kwake kila nilipopita. Sikuwahi kusimama. Haraka gani ile, jamani? Hata mimi sijui.

Vyumba vitano vya kupangisha vikaisha, vinne vikapata watu palepale. Wiki ya pili akanipigia simu nesi wa chumba cha tatu. "Mama, ng'ombe wamevunja mlango wangu! Wamesimama hapa wanataka kuingia!"

Nilikwenda nimefura. Kumbe nyumba nimeipandisha juu ya njia yao ya kwenda kunywa maji bwawani; wakati wa ujenzi mvua zilikuwepo, walikunywa madimbwini, sasa yamekauka. Kushoto ni korongo, kulia ni mahindi ya watu. Wangepita wapi?

"Ulituona tunachimba msingi," nilimfokea yule mama. "Mbona hukusema?"

Aliendelea kupepeta mtama wake. "Ulinisalimia lini, nikuambie?"

Niliumia sana, maana alikuwa sahihi, na mimi sipendi kabisa mtu mwingine awe sahihi mbele yangu. Nikarudi Gorong'a nimenuna siku tatu nzima. Ndipo nesi akanipigia tena: yule mama ameshindwa, kuwabebea ng'ombe saba maji kwa ndoo hawezi. Jumamosi mchuuzi wa mnadani anakuja kuwachukua wote. Maziwa ya ng'ombe hao ndiyo yaliyokuwa yanamlisha yeye na wajukuu wake.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alifurahi kana kwamba tumeshinda kesi. "Si unaona? Waondoke. Hati unayo!"

Hati! Hati ilinipa ardhi, haikunipa ruhusa ya kumfukarisha mama wa watu. Ijumaa nikaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, nikabeba kilo mbili za sukari, nikaenda mpaka mlangoni kwake.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba msamaha."

"Marahaba. Umechelewa, mwanangu. Mtu wangu anakuja kesho asubuhi."

"Asubuhi bado," nikamwambia. Nikaenda moja kwa moja kwa fundi.

"Nataka ukuta wa mbele na wa nyuma wa chumba cha tatu utoke. Bati libaki. Ng'ombe wapite katikati."

Fundi akacheka mpaka akakaa chini. "Mwalimu, umerogwa?"

"Shika nyundo."

Nesi alihamia chumba cha tano. Ukuta wa mbele ulianguka jioni ileile. Asubuhi tukaanza wa nyuma, na shemeji akatokea, mikono kiunoni, majirani wote wamejaa kutazama.

"Unabomoa nyumba ya kaka yangu kwa sababu ya ng'ombe wa mtu? Majuto ni mjukuu, shemeji!"

"Mjukuu huyo nitamlea mwenyewe! Fundi, piga!"

Majirani waliangua kicheko. Nilikuwa nimeshamwona mchuuzi kwa yule mama, ameshamfunga kamba ng'ombe wa mbele, yule jike mwekundu anayewaongoza wenzake. Nikachukua nyundo ya pili nikapiga na mimi, na gauni langu la kanisani nililovaa kuja kuomba msamaha.

Ukuta ulipoanguka, vumbi halijatulia, wale sita wasiofungwa walikuja wenyewe. Walivuka vifusi, wakapita chini ya bati langu, wakatokea upande wa pili, wakashika njia ya bwawani. Hakuna aliyewaswaga. Yule mwekundu akalia, akavuta kamba, mchuuzi akaburutwa hatua tano huku anapiga kelele.

Yule mama aliinuka mlangoni kwake. Alikwenda polepole, akaifungua kamba shingoni mwa ng'ombe, akamtupia mchuuzi miguuni.

"Hawauzwi."

Mchuuzi aligeuka kutafuta wa kumlaumu, akaniona nimejaa vumbi, nyundo mkononi. "Ni wewe umeniharibia biashara?"

"Ndiyo, ni mimi," nikasema. "Mimi jirani yake."