Breki ya Mbele ya Mzee Nyamongo

Mzee Nyamongo aliwapimia watu majani chai kule Nyamira kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote mizani yake haikukosea hata mara moja. Waliokosea ni wakulima, wote, kila siku. Alipostaafu alirudi kwake mlimani juu ya Keumbu na vitu vitatu: koti la ngozi, pikipiki ya Kijapani iliyozeeka kabla yake, na ule uhakika wake. Koti lilichakaa.

Pikipiki ndiyo iliyowapeleka kanisani kila Sabato, yeye mbele, mkewe Mong'ina nyuma. Magoti ya Mong'ina yalikuwa yameshakataa mteremko ule, kwa hiyo bila pikipiki hakuna kanisa. Basi mafuta ya breki yalipopungua, Nyamongo, ambaye hakuwa mtu wa kusumbua mafundi kwa jambo dogo kama uhai wake, alitafuta oili ya injini iliyobaki stoo akajazia. Oili ni oili, alisema. Siku nne breki ilishika. Siku ya tano, wakishuka Keumbu, alikamua breki ya mbele na mkono wa breki ukaja wote mpaka kwenye usukani bila kupinga. Kilichowasimamisha ni ndizi za mchuuzi Okemwa, mikungu saba, mbele ya soko zima.

"Nilikuwa nakuja kununua," Nyamongo aliwaeleza watu akiwa bado amelala juu ya mkungu wa tatu.

Mong'ina aliinuka, akafunga kitambaa chake upya, akasema, "Baba Bosire, mimi hiyo kitu sipandi tena mpaka mke wa Bosire aitengeneze."

Hapo sasa ndipo penye mfupa. Lorna, mke wa mwanawe Bosire, alisomea ufundi chuoni Kisii na ana gereji pale stendi ya Keumbu. Waendesha boda wanampangia foleni. Lakini kwa miaka mitano Nyamongo alikuwa akiwaambia wazee wenzake kanisani kwamba mkaza mwanawe "anauza vipuri", maana mwanamke kulala chini ya pikipiki za watu ilikuwa habari asiyotaka kuisambaza. Tena kulikuwa na ensoni, ile heshima ya Wagusii kati ya mkwe na mkaza mwana: hawashikani mikono, hawakai karibu, na mzee hakanyagi ndani ya nyumba yao. Desturi nzuri sana, iliyowekwa na wahenga ambao hawakuwa na breki za diski.

Sabato tatu Nyamongo alishuka peke yake kwa breki ya nyuma, taratibu, akijidai anatazama mandhari. Mong'ina alibaki na redio. Mzee hakumwambia mtu, lakini aliukosa ule uzito mgongoni mwake, na uchungu wake ulikuwa wa kweli. Baada ya Sabato ya tatu alisema, bila kumtazama mkewe, "Mwite basi."

Jumapili asubuhi Lorna alifika na sanduku la spana. Pikipiki ilisimamishwa katikati ya uwanja. Nyamongo akakaa hatua nne upande huu, Lorna akachuchumaa upande ule, na Mong'ina akawekewa kigoda katikati awe daraja. Lorna alifungua kalipa, kile chuma kinachobana diski ya gurudumu, akaisukuma pistoni itoke kwa upepo wa pampu, kisha akachokoa raba za ndani na kuzilaza juu ya jani la mgomba. Zilikuwa zimevimba kama maharagwe yaliyolala majini.

"Mama, muulize tata aliweka oili gani hapa," Lorna akasema; tata ni baba kwa Kigusii.

"Anauliza uliweka oili gani," Mong'ina akageuka kusema.

Nyamongo, aliyekuwa amesikia vizuri kabisa, alijibu, "Mwambie ni oili nzuri."

"Anasema ni oili nzuri."

"Mwambie uzuri wake nimeuona."

Lorna alisafisha kila kitu, akaikwangua kutu kwenye pistoni kwa msasa laini na maji, akabadilisha bomba, akatia raba mpya huku chini na kule juu kwenye usukani. Nyamongo alimtazama kwa jicho la mtu anayesubiri kosa. Kosa halikuja, na hilo lilimkera.

Ikabaki kutoa hewa kwenye bomba, na kazi hiyo inataka watu wawili: mmoja akamue breki na kuishikilia, mwingine afungue na kufunga nati ndogo kule kwenye kalipa. Vidole vya Mong'ina vilikuwa na baridi yabisi. Bosire alikuwa kazini Nakuru. Na anayekamua angekaa kitini, goti lake shibiri moja kutoka kichwa cha Lorna.

Nyamongo alikuwa na jibu, kama kawaida. Alileta kamba ya ng'ombe, akaifunga kwenye mkono wa breki, akarudi nayo hatua zake nne na kuketi.

"Mama, mwambie tata akamue."

"Kamua!"

"Mwambie ashikilie."

"Shikilia!"

Neno lilipomaliza safari yake, mzee alikuwa ameshaachia, na hewa imerudi ndani. Walifanya hivyo mpaka jua likafika utosini. Heshima ilikuwa imehifadhiwa vizuri sana. Breki ilikuwa laini kama uji.

Mong'ina alisimama. "Mimi naenda kuchuma mboga," akasema, akachukua kigoda chake na kuondoka.

Kuku akapita pale daraja lilipokuwa. Nyamongo alitazama kamba, akatazama kile kiti cha nyuma kilichokaa kitupu wiki tatu, akainuka na kuifungua kamba. Alipanda pikipiki akageuza uso kuelekea migombani. Lorna naye akaikazia macho nati yake.

"Kamua," Lorna aliliambia gurudumu.

Nyamongo akakamua.

"Shikilia. Haya, achilia. Tena."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu astaafu kuambiwa la kufanya akalifanya bila kusahihisha. Kufikia mara ya tisa mkono wa breki ulikuwa mgumu kama mfupa. Lorna aliweka spana chini, Nyamongo akashuka upande wa pili, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Sabato iliyofuata Mong'ina alipanda nyuma. Walipofika Keumbu, Okemwa alisogeza ndizi zake upesi.

"Leo nina breki!" Nyamongo akapaza sauti akipita polepole. "Nimeitengeneza mwenyewe..."

"Simama," Mong'ina akasema mgongoni.

Akakamua. Pikipiki ilisimama papo hapo.

"Nashuka, au unasema tena?"

Soko lote lilikuwa linasikiliza. "Ni Lorna," Nyamongo akasema. "Mke wa Bosire. Yeye ndiye fundi."

"Kumbe!" Okemwa akasema. "Basi mwambie anione, breki ya pikipiki yangu nayo haishiki."

"Mwambie mwenyewe," Nyamongo akajibu, na kifua kikamjaa fahari. "Mimi na yeye hatusogeleani."