Bibi Eliza na Mchele wa Kamsamba

Siku yangu ya kwanza kazini, Tunduma, sikushika hata sindano. Metroni alinisimamisha mbele ya mzani. "Viatu vivuliwe, nguo nzito zivuliwe, ndipo upime. Ukikosea kilo hapa, daktari atakosea dawa kule." Niliguna moyoni. Nimesomea uuguzi nije kupima watu kama magunia!

Nikahamishiwa Saza, kisha, miaka yangu ya mwisho kazini, hospitali ya rufaa, wodi ya saratani ya mlango wa kizazi. Huko ndiko binti mmoja alikomleta mama yake, Bibi Eliza, kutoka Kamsamba, akivuja damu wiki ya tatu. Nikaona haya kumvua mtu wa umri wa mama yangu, nikampandisha mzanini vilevile. Kilo arobaini na tano. Daktari Bingwa akaanza kupanga tiba kamili: mionzi kila siku, pamoja na dripu ya dawa kali inayopimwa kwa kilo na kutaka figo imara.

Namshika mkono kumshusha, mama yangu wee! Mkono mwembamba kama mwiko.

"Dokta, subiri!" nilipayuka.

Tukamvua. Vitenge vinne! Na kiunoni, mfuko wa mchele.

"Bibi, nini hiki?"

"Nimesikia wepesi mnawarudisha nyumbani wakafe," akasema, machozi yanamtoka. "Nami nataka kuishi, mwanangu."

Kilo thelathini na sita. Dripu ile ingemmaliza, na karatasi ingekuwa na mwandiko wangu.

Daktari Bingwa hakunigombeza. Alivuta kiti, akamwambia, "Bibi, hapa harudishwi mtu. Aliye dhaifu tunamshonea nguo ya saizi yake." Dripu ikafutwa. Akaongezewa damu, akalishwa uji wa lishe, akapigwa mionzi tu, mara chache, akipumzika katikati. Jamani, damu ilipoacha kuvuja niliruka wodini kama mtoto! Metroni wa huko akanikemea, huku naye anacheka.

Ninyi wauguzi mnaoanza sasa mna mashine nzuri kuliko zetu. Hongereni. Lakini wagonjwa bado wanaogopa kuonekana dhaifu mbele yenu, kwa hiyo ulizeni kwa upole, kisha pimeni upya.

Siku ya kuniaga nikistaafu, pale pale wodini, keki haijakatwa, mlango ukafunguliwa. Bibi Eliza! Akanipita moja kwa moja hadi kwenye mzani, akavua kandambili, akafungua kitenge cha juu, akapanda.

"Nipime, nesi. Leo kiunoni sina kitu."

Kilo arobaini na nne. Nikalia mbele ya wakubwa wote.

"Usilie bwana," akasema, akimwonyesha binti yake aliyebeba mfuko. "Mchele wako ule pale."