Mwanamke Aliyeshika Bati

Kibera, kitu chochote kilichopotea huwa kimechomeka. Kitambulisho kimechomeka, cheti cha ubatizo kimechomeka, hata shuka uliyomwazima jirani, ukiidai, utaambiwa ilikuwa kwa ule moto. Kwa hiyo baba aliponiambia kwamba picha zote za nyumbani zilichomeka, nilimwangalia tu. Moto ulipita kweli Soweto West, upande wa baba huko Kibera, sikatai, ukaramba safu nzima ya nyumba pamoja na studio yake ya picha. Lakini mkebe wa filamu zake ulitolewa mzima. Nikamwuliza, kama filamu zilipona, mama yuko wapi humo ndani?

"Hayumo," akasema. "Alikuwa kazini."

Kazini wapi? Mama mdogo, dada yake mama, aliyenilea huko kwetu upande wa ziwa, aliniapia kwamba dada yake hakuwahi kuajiriwa hata siku moja. Na hakuchoka kunikumbusha kwamba siku ya mazishi jeneza lilitolewa nje bila picha juu yake. Mke wa mpiga picha! Watu wakabaki kuangaliana. "Yule mwanamume amepiga picha wanawake wote wa Kibera, wake tu ndiye hakumwona," alikuwa akisema huku akipepeta wimbi. "Wewe jiulize macho yake yalikuwa kwa nani."

Nilijiuliza utoto wangu wote. Mama alikufa nikiwa bado nabebwa mgongoni, na sura yake sikuijua. Watu walisema nimefanana na upande wa baba, kwa hiyo hata kioo hakikunisaidia. Niliporudi Nairobi nikiwa mtu mzima, nilikuja na lile swali la mama mdogo, na kila jibu la baba nililipima kama noti ninayoshuku ni bandia.

Miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea mwisho nilikuwa na kibanda changu Kawangware, sehemu iitwayo Kongo, nikichapa barua na kutoa fotokopi. Kazi iliyonipa ugali zaidi ilikuwa programu za mazishi. Watu walileta picha ya marehemu niiweke juu, na wengine, kwa kukosa picha, walileta filamu yake, ile negativu, wakidhani kompyuta itaisoma yenyewe. Haisomi. Ilibidi ninunue skana inayoweza kugeuza filamu kuwa picha. Hiyo ndiyo sababu niliyompa baba. Sababu ya pili nilikaa nayo mwenyewe: nilitaka kujua mle mkebeni mna nini.

Nilikuwa nimeshajaribu kwa macho. Unainua negativu juu mbinguni unaona mtu mwenye uso mweusi tititi, nywele nyeupe na meno meusi, hata akiwa ndugu yako humtambui. Labu za picha za mjini zilikuwa zimehamia rangi na filamu nyembamba, na za baba zilikuwa pana, za mraba, nyeusi na nyeupe, za enzi zake. Mwenye labu mmoja alikubali kuzisafisha, mradi nimwachie mkebe wote arudi nao nyumbani kwake. Nilimcheka mbele ya wateja wake nikaondoka.

Baba alinipa mkebe bila ubishi wowote, na hilo likanitia shaka zaidi. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, akiona vivuli tu. Nikafikiri, labda ameshasahau alichoficha, au anajua hakuna mashine ya kukitoa.

"Zimepangwa," akaniambia. "Za chini ndizo za kwanza. Usizichanganye."

Duka nililokwenda lilikuwa karibu na soko la Kawangware, la mashine za ofisi za mtumba kutoka ng'ambo. Muuzaji alikuwa kijana wa tai, mwenye tabasamu linalokutangulia mlangoni. Nilichukua filamu tatu tu za majaribio, nikazifunga kwenye leso na kuitia leso kifuani. Mkebe niliuacha nimeufungia.

"Sasa madam," akasema. "Leo umefika kwa wenyewe."

Alinionyesha kwanza kijimashine kidogo, kizuri kwa macho, chenye mdomo mwembamba. Akasema kinameza slaidi, kinameza negativu, kinameza kila kitu. Nikatoa filamu ya baba. Haikuingia. Ilikuwa pana mara mbili ya ule mdomo.

"Hiyo si problem," akasema, akinyoosha mkono kwenye droo. "Tunaikata kidogo, inatoshea."

Alikuwa ameshika makasi. Nilimnyang'anya filamu yangu nikamwambia nikiona tena hayo makasi juu ya meza nitapiga nduru soko lote lije. Akayarudisha droo akicheka, lakini tangu hapo akawa ananiita mathe, na mimi sikuwa na umri wa mamake.

Ya pili ilikuwa skana bapa, kama ile ya karatasi. Aliweka filamu juu ya kioo, akafunika, mashine ikaguna, na kwenye kompyuta tukaona mraba mweusi. Akajaribu tena. Mweusi.

"Film yako imededi, mathe. Ni ya kitambo sana."

"Imekufaje na nikiinua dirishani naona mtu?"

Akakwaruza kichwa. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba ile mashine inamulika kutoka chini tu, na filamu inataka mwanga upite katikati yake. Lakini siku ile sikujua kama kijana ananidanganya au hajui, na kwa mteja hayo mawili yana hasara sawa. Nikaanza kufunga leso yangu.

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba ana ya tatu. Kwa nini ya mwisho? Kwa nini ilikuwa imefichwa nyuma ya maboksi? Ilikuwa bapa pia, lakini mfuniko wake ulikuwa mnene, una taa yake ndani. Alilaza filamu kwenye fremu ya plastiki iliyokuja nayo, akafunika, na mara hii, polepole kutoka juu, akateremka mwanamume wa makamo mwenye koti la kuazima la studio na redio begani. Uso ulikuwa uso.

Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilitoa filamu nikailinganisha na picha iliyo kwenye kompyuta. Filamu ilikuwa kubwa zaidi. Ile fremu ya plastiki ilikuwa imekula ukingo pande zote.

"Hii mashine inakata," nikasema.

"Inakata takataka tu. Mtu yuko katikati."

"Mimi nanunua picha nzima. Kwenye bucha nikilipia kilo nzima, unabaki na vipande vya nani?"

"Toa hiyo fremu basi," nikaongeza. "Laza filamu kwa kioo chenyewe."

Alikataa. Akasema kioo kitakwaruzika, akasema guarantee itaisha, na kadiri alivyokataa ndivyo nilivyozidi kutaka. Mwishowe aliilaza mwenyewe, amenuna. Picha ilitoka na miviringo hafifu kama mafuta juu ya chai, lakini ilikuwa nzima mpaka mwisho. Upande wa kushoto, mahali plastiki ilipokuwa imefunika, palikuwa na giza. Nikamwambia aongeze mwanga. Akaongeza. Ndani ya lile giza vikatokea vidole vinne, vimeshika ukingo wa kitu kinachong'aa. Vilikuwa vidole vya mwanamke, na mkononi kulikuwa na ushanga.

Nikampa filamu ya pili. Vidole vilevile, ushanga uleule. Ya tatu vilevile, na kiwiko juu yake.

Mteja wa kwanza alikuwa mwanamume, wa pili bibi harusi, wa tatu watoto wa shule. Kwa hiyo huyu hakuwa mteja wala jamaa ya mteja. Alikuwa mwanamke wa mle ndani. Nilisikia sauti ya mama mdogo na wimbi lake, jiulize macho yake yalikuwa kwa nani. Lisemwalo lipo. Nilinunua ile skana siku hiyohiyo kwa pesa ya chama cha kuchangiana, zamu yangu ilipofika, na sikununua kwa ajili ya programu za mazishi. Niliinunua nimshike baba.

Jumapili baada ya kanisa nilijifungia kibandani, nikaanza na za chini kama alivyosema. Niliziscan moja moja bila ile fremu, na kila moja niliifungulia mwanga wa ukingoni kabla hata ya kumtazama mteja. Alikuwepo. Asubuhi alikuwa kushoto, kivuli kilipogeuka alikuwa kulia. Mara bega, mara kitambaa cha kichwa, mara nusu ya shavu limekunjwa kwa jua. Alichoshika kilikuwa bati jipya, amelielekeza kwa mteja. Kisha nikafika kwa mzee mmoja aliyevaa koti la studio, na pale yule mwanamke alikuwa ameinama mbele kumnyoosha kola. Uso wake ulikuwa wote wazi, umegeukia kamera, mdomo wazi kama anayesema ngoja kwanza.

Alikuwa mzuri. Hilo liliniuma zaidi ya yote. Nilimchukia pale pale, na macho yake makubwa na ushanga wake, akijipitisha studioni kama kwake huku mama yangu, popote alipokuwa "kazini", hajui. Sikutaka kuona zaidi. Niliichapa ile moja, nikazima kompyuta. Nusu ya mkebe ilikuwa bado.

Kesho yake nikaenda Soweto West. Baba alikuwa ameketi nje ya mlango wake, uso ameuelekezea jua. Sikumsalimu. Nilimwekea ile karatasi mapajani, nimesahau kabisa kwamba haoni.

"Huyu mwanamke ni nani?"

"Mwanamke gani?"

"Wa bati. Yumo kwa kila picha yako. Ulimficha ukingoni miaka yote, na mama ukamkosesha hata picha ya jeneza!"

Jirani aliyekuwa akianua nguo alisimama na vibanio mkononi. Baba alipapasa karatasi kama inayoweza kusomeka kwa vidole.

"Wa bati," akasema. "Si nilikuambia alikuwa kazini?"

Sikuelewa. Akasema tena, polepole, kwa ile sauti ya kuniita nyathina, mtoto wangu, anayoitumia akitaka nipoe. Studio haikuwa na stima. Mwanga ulikuwa ni jua la mlangoni, na bila mtu wa kulirusha kwa bati, mteja anatoka nusu uso. Mama alishika bati tangu siku ya kwanza. Bati lilipata joto likamchoma mikono, akalishika na kitambaa. Watu walipokuja kuchukua picha zao, baba alikuwa ameshakata ukingo, kwa kuwa mteja analipia uso wake mwenyewe.

"Na yeye? Hukumpiga hata moja?"

"Nani angeshika bati?" akasema. "Nilisema nitapata mtu wa kushika, nimpige vizuri, amevaa vizuri. Nilidhani muda tunao."

"Na siku ya mazishi? Hukukumbuka yuko pembeni?"

"Nilikumbuka. Niliona haya. Niwapelekee kwao kiwiko na nusu ya shavu?"

"Hapa uso ni mzima."

"Mzima?"

"Anamnyoosha mzee kola. Anasema kitu."

Mkono wake ukatulia juu ya karatasi. "Hiyo nilibonyeza kabla hajatoka. Alinigombeza kwa kuharibu filamu. Nilidhani niliitupa." Akaniomba nimwambie macho yake yakoje. Nikamwambia ni makubwa. Na kitambaa? Kimefungwa kwa nyuma. Amekasirika? Nikamwambia ndiyo, amekasirika, na baba akacheka mpaka machozi yakamtoka kwenye yale macho yaliyofunikwa.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemchukia mama yangu usiku mzima. Na hata hapo, Mungu anisamehe, shaka haikuwa imenitoka, maana mtu mwenye uongo mzuri naye hucheka vizuri.

"Nitajuaje ni yeye?" nikamwuliza.

Hakuudhika. "Endelea na mkebe," akasema. "Utaona tumbo. Halafu utaona mtoto mgongoni, huyo ni wewe. Halafu utafika mahali bati limeegemezwa kwa mtungi wa maji, hakuna tena wa kulishika. Ukifika hapo simama. Baada ya hapo ni wateja tu."

Nilirudi Kawangware, nikafunga mlango wa kibanda, nikawasha skana. Niliona tumbo likikua, picha baada ya picha, na bati likishikwa mbali zaidi na mwili. Niliona kitambaa kimefungwa kifuani na kichwa kidogo kikichungulia juu ya bega, kimefumba macho kwa ule mwanga. Halafu nikafika.

Katikati kulikuwa na mwanamke mwenye pochi, anatabasamu, nusu ya uso wake giza. Nikaongeza mwanga wa ukingoni. Bati lilikuwa limeegemea mtungi, limepinda kidogo, linamulika ukuta. Chini yake alikuwa ameketi mtoto asiyejua bado kusimama vizuri, na mkono wake mmoja ulikuwa umelishika.