Matanga ya Mama Mdogo Kule Delhi

Kule Yeoville, mtaa tunakoishi ukimbizini, mama mdogo anauza nywele, mimi nazishona vichwani mwa watu. Mwaka ule alinichukua twende India kununua mzigo, na mimi, mtu wa kuota mchana kweupe, nilikuwa nimeshafika kabla ndege haijaruka. Tulipomaliza sokoni ikabaki siku moja ya kutembea. Nikachagua kaburi moja kubwa la kale pale Delhi, maana dereva alisema mjane ndiye aliyemjengea mumewe.

Sikufikiri kaburi la mume wa mtu lingemgusaje. Baba mdogo, mumewe, aliuawa vitani kwetu Kongo, sisi tukakimbia. Hana kaburi, na mama mdogo hakuwahi kumkalia matanga.

Ndani, chini ya kuba, akaniuliza, "Mwanangu, kweli mwanamke ndiye alijenga hii yote?"

"Ndiyo, mama."

Akavua viatu. Akafungua kitambaa cha kichwa, akaketi sakafuni, miguu kainyoosha, kama wajane wanavyoketi kwetu. Akaanza kulia, akimwita mumewe.

Eish, mngeona! Simu zikatoka mifukoni. Tangu asubuhi watu walikuwa wanatuomba picha kwa sababu ya ngozi yetu na misuko yetu, na mimi nilicheka nao vizuri tu. Lakini hii? Kijana mmoja alichuchumaa kando yake, akatabasamu, akajipiga picha na mama wa watu analia!

"Wewe! Huna mama?" nikamfokea kwa Kiswahili. Kiingereza chote kilikuwa kimenikimbia.

"Picha moja tu, dada," akajibu kwa Kiingereza, bado anacheka.

Mlinzi akaja anapuliza filimbi. Nikashukuru, nikidhani anawafukuza wao. Kumbe anamwinua mama mdogo: hapa hapakaliwi!

Nikafungua kitenge nilichojifunga juu ya suruali, nikakitandaza kwa mikono miwili kama pazia, nikasimama kati yake na zile simu. "Lia, mama. Maliza." Mlinzi akapuliza mpaka mashavu yakavimba. Sikusogea.

Mama mdogo akalia kilio chake chote, akajifuta, akafunga kitambaa. "Sasa amelala," akasema. "Twende tukale."

Yeye alipumzika. Mimi ndiye niliyeondoka na hasira, na ninayo hadi leo. Mtu angoje miaka yote ile apate mahali pa kumlilia mumewe, halafu kilio chake kiwe kwenye simu ya kijana nisiyemjua, akiwaonyesha wenzake mezani!