Keki Ambayo Sikuionja

Nimeoka mikate mingi kuliko watu niliowahi kusalimiana nao, na tangu nikiwa na miaka ishirini na miwili sijala hata kipande kimoja. Watu wakisikia hivyo hucheka. Wengine hudhani ni maringo ya mpishi, kwamba nimekinai. Sikukinai hata kidogo. Mkate unapotoka jikoni asubuhi naupenda mpaka leo, nami huukata, nikaunusa, kisha nikampakia mtu mwingine siagi.

Tulizaliwa wengi kwetu, tukabaki wawili, mimi na dada yangu aliyenifuata. Baba na mama walitutoka mapema, tukalelewa na baba mdogo huko Uriri. Tulikula kuon, yaani ugali, wa wimbi au wa mtama, na mboga chungu, na samaki soko lilipokuwa zuri. Tumbo halikuwahi kunisumbua. Ngano niliijua baada ya kupata kazi Homa Bay, katika hoteli ndogo yenye vyumba vinane na jikoni kubwa kuliko nyumba tuliyolelewa.

Mwaka wa kwanza nilikula ngano kama mtu anayelipiza kisasi. Ncha za mikate zilikuwa zangu. Skonzi zilizobaki mezani zilikuwa zangu. Supu nzito ya unga, sosi nyeupe, mandazi ya wafanyakazi, vyote nilivishusha. Mwaka wa pili suruali yangu ilikuwa inafungwa kwa kamba ya katani. Tumbo lilijaa, miguu ikakonda, na chooni nikawa mwenyeji. Nilipokwenda nyumbani, watu walinitazama kisha wakatazamana. Nilijua neno walilokuwa wakilimeza. Kwetu mtu akikonda bila sababu husemwa ana chira, ugonjwa wa aliyevunja mwiko wa ukoo. Mwenye chira haulizwi anaumwa wapi. Huulizwa amefanya nini.

Nikaenda peke yangu katika hospitali ya misheni upande wa Migori, bila kumwambia mtu. Daktari alikuwa mama wa Kizungu aliyezungumza Dholuo, lugha yetu, vibaya na bila woga wowote. Hakuniuliza sana mambo ya maumivu. Aliniuliza nakula nini, siku baada ya siku, kama karani wa sensa. Mwishoni akaniambia niache ngano na shayiri, kila kitu chenye unga huo, hata bia ya chupa, kwa mwezi mmoja. Akasema kwao, wakati wa vita, mkate ulipokosekana kuna watoto wagonjwa walioanza kunenepa, na madaktari wakashangaa.

"Unafanya kazi gani?" akaniuliza.

"Mimi ni mpishi. Naoka mikate."

Alicheka, kisha akaona sicheki. "Basi utakuwa mpishi wa pua," akasema. "Mdomo wako uwachie wimbi."

Kabla ya mwezi kwisha choo kilinisahau. Baada ya miezi mitatu nilitupa ile kamba ya katani. Kwa kweli ilinipasa nimshukuru Mungu na kutangaza habari hiyo sokoni, lakini sikufanya hivyo, na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia.

Mpishi mkuu wa hoteli alikuwa mzee aliyepikia walowezi maisha yake yote, naye alikuwa anajiandaa kurudi kwao kupumzika. Miaka hiyo ilikuwa ya mwanzo wa uhuru, na vyeo vilikuwa vinatafuta wenyewe. Cheo chake nilikitaka kuliko nilivyotaka mke. Meneja wetu, mtu wa Taita, mpole na mwenye macho makali, alikuwa akirudia kila mara kwamba mpishi asiyeonja chakula chake hafai hata kuchemsha mayai. Ningemwambiaje kwamba mwokaji wake hawezi kuonja mkate?

Kwa hiyo nilijificha. Mkate niliugonga kitako kwa kidole, nikasikiliza. Sosi niliinusa, nikainua kijiko mpaka mdomoni, kisha nikakifuta kwa taulo haraka kabla hakijanigusa. Sahani zilizorudi kutoka mezani nilizichunguza kuliko barua. Mchuzi ukiachwa pembeni nilijua chumvi imezidi. Chakula changu nilikipika katika sufuria yangu mwenyewe, wimbi na samaki aina ya ngege, na wenzangu wakaniita mzee wa kuon. Niliwaacha waniite. Nilijiona mjanja sana. Ukweli ni kwamba nilikuwa mwoga mwenye aproni safi.

Mwaka huo dada yangu akachumbiwa na kijana wa Ndhiwa, mwalimu. Ilikuwa ndoa ya kanisani, na dada aliniomba kitu kimoja tu, keki. Alikuwa ameiona katika picha. Hakuna aliyewahi kupeleka keki kwenye harusi ya kwetu, nami nilitaka kuwa wa kwanza. Niliioka kwa siku tatu, keki nyeusi ya matunda, nikaipaka sukari nyeupe laini, nikaichora maua kwa karatasi iliyokunjwa. Meneja alipoiona aliizunguka mara mbili. Akajitolea kutupeleka kwa gari lake, mimi na keki. Njiani akaniambia kwamba Jumatatu tungepata wageni wakubwa kutoka Kisumu, nitawapikia mimi peke yangu, na wakiridhika, cheo ni changu.

Nyumbani kwa bwana harusi tulipokewa vizuri. Walichinja ng'ombe. Nilikula kuon na nyama mpaka nikalegeza mshipi, na mfupa mmoja niliuvunja kwa meno nikafyonza uboho, kwa sababu nilikuwa na furaha na nilikuwa na njaa. Kisha keki ikaletwa, ikakatwa, vipande vikapangwa kwenye sinia. Watu wakaisogelea kuitazama. Nje nyeupe, ndani nyeusi. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuona chakula cha namna hiyo.

Kwetu anayeleta chungu ndiye anayeonja kwanza. Aliyepika pombe hunywa kabla ya wageni, aliyeleta chakula kigeni humega kabla ya wenyeji. Haina maana kwamba unashukiwa. Ni adabu tu, na mtoto yeyote anaijua. Mimi nilikuwa nimefikiria unga, matunda, moto, maua ya sukari, gari, barabara. Hilo moja sikulifikiria. Mjini hakuna anayemwambia mpishi aonje mbele ya watu.

Waya, yaani shangazi wa bwana harusi, akasimama na sinia. Alikuwa mama mnene, mcheshi, na siku nzima alikuwa amenitania.

"Jatedo," akaniita, maana yake mpishi. "Chakula hiki hatukijui. Anza wewe, nasi tufuate."

Ninaweza kueleza kilichopita kichwani mwangu, kwa sababu nimekirudia miaka mingi. Kipande kimoja kingenilaza siku tatu, na Jumatatu ilikuwa kesho kutwa. Kusema ukweli ni kuusema mbele ya meneja, aliyekuwa ameketi hatua nne kutoka nilipo na mkono umeshaelekea kwenye sinia. Tena ni kusema mbele ya wakwe kwamba mimi ni mgonjwa, mimi ndugu pekee wa bibi harusi, na ule wembamba wangu ulikuwa bado haujasahaulika.

"Asante, waya," nikasema. "Nina jino linanisumbua tangu jana."

Akanitazama. "Jino gani hilo linavunja mfupa wa ng'ombe halafu linaogopa kitu laini?"

Watu wakacheka, lakini kicheko kilikatika upesi. Kama ningekuwa na akili ningecheka nao na kutia kipande mdomoni, liwalo na liwe. Badala yake nikaongeza neno. "Pia nimeshiba," nikasema. Nilisikia jinsi lilivyotoka kama uongo.

Meneja akarudisha mkono wake magotini, kwa sababu ni mtu wa adabu na alikuwa anafuata wenyeji. Waya akaliweka sinia mezani. Mama wa bwana harusi akaifunika keki kwa kitambaa, polepole, kwa heshima kabisa, kisha akawaomba vijana waanze kuimba. Dada yangu alikuwa ameinamisha kichwa kama bibi harusi anavyotakiwa, kwa hiyo sikuuona uso wake. Baadaye niliambiwa kwamba kesho yake keki ilimwagwa nyuma ya jikoni. Kuku waliila yote, na wakaendelea kutaga. Lakini hakuna aliyekwenda kuwauliza kuku.

Jumatatu niliwapikia wale wageni wa Kisumu. Waliomba kuongezwa mara mbili. Mwezi uliofuata nilivaa kofia ndefu nyeupe, na wenzangu wakaacha kuniita mzee wa kuon mbele ya watu. Sitadanganya kwamba sikufurahi. Nilifurahi wiki nzima.

Kabla ya mwaka kwisha, mimba ya kwanza ya dada yangu iliharibika. Habari hiyo ililetwa jikoni na mwanamke wa Sindo aliyekuwa akituuzia samaki. Alimaliza kunihesabia ngege wake, kisha akasema, bila ubaya, "Watu wanasema ni ile keki yako." Nikamfukuza. Mtu aliyetuletea samaki wazuri kuliko wote nilimfukuza, na wiki mbili tukanunua samaki waliochacha.

Mungu alimjalia dada yangu mtoto, kisha wa pili. Alikuwa akija Homa Bay kliniki, na kila akija alipita kwangu. Nilimpikia vitu alivyovipenda tangu utotoni. Aliketi, mtoto mapajani, akauliza habari za kila mtu, na chakula kilipotua mezani akasema, "Nimekula njiani." Kila mara alikuwa amekula njiani. Kati ya Ndhiwa na Homa Bay miaka hiyo hapakuwa na mahali pa kula pa kutosha kwa uongo huo.

Nilijua ni wakwe. Nilijua wamemkataza, na nilimwambia hivyo waziwazi. Niliwaita watu wa giza, watu wa kuogopa sukari. Nilimtukana mumewe, mwalimu mzima anayeamini maneno ya sokoni. Mama mkwe wake sikumbakizia kitu.  Dada yangu alikuwa akimpangusa mtoto mdomo, ananiacha niseme mpaka nichoke.

Mwishoni mwa miaka hiyo meneja wetu akapata uhamisho. Siku yake ya mwisho alikuja kuketi jikoni, na kwa kuwa alikuwa anaondoka na hakuna tena cha kupoteza, nikamweleza kila kitu. Daktari, kijiko na taulo, jino. Alisikiliza akinywa chai yake.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?" akauliza. "Hii chai naiomba bila sukari tangu siku ya kwanza nilipofika hapa. Unafikiri ni kwa nini? Nina kisukari. Nani amenifukuza?" Akatikisa kichwa. "Ningekuwekea mtu wa kukuonjea. Basi."

Nilikuwa nimempelekea chai hiyo miaka yote, na sikuwahi kujiuliza. Hasira iliyonipanda siku ile ilikuwa juu yangu mimi mwenyewe, lakini nilipoamka asubuhi nilikuwa nimeshaigeuza nikawaelekezea wakwe. Nikaomba ruhusa, nikapanda basi la Ndhiwa.

Nilimkuta dada yangu uani anamenya njugu, peke yake. Sikungoja hata maji ya kunywa. Nikamweleza tangu mwanzo, tumbo, hospitali, ngano, cheo, meneja. Nikamwambia ilikuwa keki safi, kwamba kama si tumbo hili ningeila yote. Kisha nikasema yale niliyokuwa nimeyapanga ndani ya basi. "Mwambie mumeo. Mwambie na mama yake. Wakishajua ukweli hawatakukataza tena kula kwangu."

Akatupa njugu moja katika ungo uliokuwa mapajani.

"Tumbo tu?" akauliza.

"Tumbo tu."

"Ungeniambia mimi. Ningekula mimi kwanza, na kama wangesema bibi harusi hana haya, wangesema."

"Niliogopa meneja angesikia."

"Ndiyo. Umeshasema." Akaweka ungo chini. "Mume wangu aliicheka ile keki siku ileile, akasahau. Mama yake mpaka leo huniuliza kama unaweza kumfundisha kuoka. Wewe umewatukana miaka yote hii, nami nikakuacha, kwa sababu nilishindwa kusema." Hapo akanitazama, na hakuwa na hasira. "Nilipopoteza ile mimba nililala kitandani nikikumbuka jinsi ulivyokataa, na ulivyoteuliwa mkubwa mwezi uliofuata. Nikaviunganisha, nikaona umenunua cheo kwa mtoto wangu. Hakuna aliyenikataza kula kwako, ndugu yangu. Ni mimi."

Nilikuwa nimesafiri na maneno ya kutosha ukoo mzima. Kwa ajili yake sikuwa nimeandaa hata moja.