Karoti za Mwisho

Nilikuwa nasubiri muhuri kwa afisa wa maendeleo ya jamii, hapa Morogoro mjini. Mbele yangu walikuwa akina mama wawili walioteremka kutoka Uluguru. Wana kituo cha kutunza wazee wasio na ndugu, na mfadhili wao amejitoa. Walikuja kuomba ruzuku ya serikali.

"Shikamooni," alisema afisa, binti mwenye heshima zake.

"Marahaba, mwanangu." Mmoja akaweka kapu la karoti mezani kwa mikono miwili. Kwao, mtu haendi kwa mkubwa mikono mitupu.

Afisa akaigeuza karoti moja, akatabasamu. "Mmelima wenyewe?"

"Ni bustani ya kituo."

Akaandika kwenye fomu huku akisoma kwa sauti: "Kituo kinajitosheleza kwa chakula." Akainua macho. "Mama zangu, ruzuku hii ni ya vituo vilivyoelemewa. Asanteni kwa mboga."

Wakatazamana, wakashukuru, wakatoka.

Niliwafuata nje nikawauliza mbona wamenyamaza. Mwenye kapu alikaza kanga kiunoni. "Zilikuwa za mwisho, baba, za mchuzi wa wazee leo. Sasa ukishampa mtu kitu, unamwambiaje kwamba ulikuwa unakihitaji?"

Serikali inataka dhiki inayoonekana, na hawa wamelelewa kuificha mbele ya watu. Wangekuja mikono mitupu, tungesema hawana adabu.

Nikarudi ndani kufuata muhuri wangu. Afisa alikuwa anawagawia wenzake karoti. Na mimi akanipa mbili.

Nikazipokea kwa mikono miwili.