Moyo Wangu Uko Kulia

Mwanangu, bado uko tumboni, na mimi umri wa kutoa nasaha sijafika. Lakini subira sina, acha niandike. Ile siku ya kipimo hainitoki kichwani.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Kila nikila chenye mafuta, maumivu yananishika chini ya mbavu za kushoto, natapika mpaka nalia. Duka la dawa pale Kalangalala waliniuzia dawa za vidonda vya tumbo, wapi. Bibi Holo, aliyenilea, akanipeleka hospitali. Njiani akanikumbusha neno la tangu utotoni: "Ng'wanawane, mwanangu, usiseme."

Nisiseme kwamba moyo wangu unadunda kulia. Huku kwetu machimboni, ukisikika una kitu wenzako hawana, hakosi mtu wa kusema mganga kamwambia kiungo chako kinavuta dhahabu. Nimekua hakuna aliyeruhusiwa kuniegemea kifuani.

Kaka wa ultrasaundi akanipaka ile jeli ya baridi ubavu wa kulia, akapitisha kifaa chake. Akasimama. Akarudia. Chumba kizima feni tu ndiyo inasikika.

"Dada, ini lako liko wapi?"

Nikamwangalia Bibi. Bibi akaangalia ukuta.

Kaka akatoka, akarudi na daktari wa upasuaji, mama mtu mzima. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Akaweka kiganja kifuani kwangu, kushoto. Akangoja. Hakuna kitu. Nikaona vinyweleo vya mkono wake vinasimama. Akakihamishia kulia.

"Bibi, ulijua?"

Bibi akajifunga kanga upya.

"Huyu ana mawe kwenye mfuko wa nyongo. Nautoa kwa matundu madogo, naingiza kamera. Lakini ndani kila kitu kimegeuka, na mikono yangu imezoea kulia. Kama kuna kingine unakijua, niambie sasa. Nikishaanza usiniambie."

"Mama daktari, hao wachimbaji wakisikia?"

Daktari akafunga mlango. Akamgeukia yule kaka. "Wewe umeona nini?"

"Mawe tu, mama. Hata dhahabu sijaona."

Bibi hakucheka. Alimshika daktari mkono, akauweka mwenyewe kwenye ubavu wangu wa kushoto. "Anaumia hapa. Moyo uko huku kulia, tangu azaliwe. Kitovu kilichelewa kupona. Basi. Sina kingine."

Nikapasuliwa. Daktari alihamia upande mwingine wa kitanda, wakahamisha na kioo cha kamera, akafanya kazi polepole. Nikapona.

Mwanangu, mficha maradhi, kilio humuumbua. Siri ya mwili wako barabarani ifiche, Bibi hakukosea, watu wabaya wapo. Ila anayekushikia kisu akutibu mwambie yote, hata kama hajauliza.

Jana kliniki nesi alikutafuta mapigo, akakawia mno. Uso ukambadilika. Nikamwambia ya kwangu kabla hajafungua mdomo. Akasogeza kifaa, mapigo yako yakasikika.

Popote moyo wako ulipo, Mungu audundishe mpaka uwe mzee.